Mikono yetu si ya kuficha

Mwezi uliopita, saa ya kutoka kazi, mwenzetu mumoja alikatala kutupa mukono. Tulizani ana hasira. Kumbe alikuwa anaficha vidole: ngozi imepasuka, inatoa maji, damu imekauka kati ya vidole. Miezi mitano alivumilia vile, asubuhi anavaa magants mbele ya watu, jioni anayavua peke yake. Tulipomuuliza sababu, akajibu: «Kontra yangu inaisha mwezi wa kumi na mbili. Bakiona hii mikono, nani atanirudisha?»

Tunaandika juu yake, na juu ya wengine wengi tunaowajua hapa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Ugonjwa wake unaitwa ekzema. Si ukoma, si ulozi, na haiambukize. Ukimupa mutu wa ekzema mukono, ukikula naye mu sahani moja, hautaipata. Tuanzie pale, juu aibu inaumiza watu kupita ugonjwa wenyewe.

Sasa inatoka wapi? Wengine wanazaliwa na ngozi kavu, wana ekzema tangu utoto, na mara nyingi mu jamaa yao kuna mwenye asma. Lakini hii ya mikono, kwetu, mara nyingi inatoka kazini. Inaingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchomwa polepole: asidi ya izine, chokaa, simenti, mazuti, na maji ya kila saa, vinatoa mafuta ya ngozi mpaka ngozi inapasuka. Ya pili ni alerji: mwili unakatala kintu kimoja. Kobalti ni kimoja ya vile vintu, pamoja na nikeli, kromu ya mu simenti, na hata dawa zinazotiwa mu kaucho ya magants. Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima. Mwenye kuijaza mu masaki ndiye wa kwanza kuigusa.

Alerji iko na ujanja wake. Haitokei palepale. Unagusa leo, inawasha kesho ao kesho kutwa, na wewe unasema ni chakula. Na mwili ukiisha kujifunza kukatala kobalti, kwa kawaida hausahau tena. Ndiyo maana tunawaomba wenzetu waandike mu kaye: siku gani inawasha, ulikuwa poste gani, uligusa nini. Kama mikono inapona wakati wa konje na inarudia juma la kwanza la kazi, hapo munganga atakuwa na njia ya kufuata. Lakini kama mu nyumba wote wanajikuna, zaidi usiku, inaweza kuwa upele, na ule unaambukiza. Usijipimie mwenyewe.

Mambo tunayoyaona kila siku na yanayoharibu: kunawa mikono na mazuti juu ya kutoa grisi, kusugua na sabuni ya unga, kununua sokoni pomadi za kujifanya mweupe. Nyingi za hizo pomadi ziko na kortikoidi ya nguvu sana. Siku mbili unasema «nimepona», kisha ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, na ukiacha, ugonjwa unarudi na hasira. Kortikoidi ni dawa ya kweli ya ekzema, lakini munganga ndiye anachagua nguvu yake, ni fasi gani ya kupaka na kwa siku ngapi. Ile ya mikono si ya uso, ile ya mukubwa si ya mutoto.

Mambo yanayosaidia ni ya bei ndogo. Kunawa na maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kupanguza bila kusugua, kisha kupaka vazelini palepale, ngozi ingali na unyevu kidogo. Kupaka mara nyingi kwa siku, hata siku ambazo haiwashi. Mwezi wa sita na wa saba, baridi na vumbi vikiingia, kuongeza. Kukata makucha. Kuvaa kitambaa cha pamba ndani ya magants juu ya jasho. Na magants yakitoboka, kuyatupa: asidi ikiingia ndani inabaki imefungwa na ngozi, ni mubaya kupita mukono mutupu. Ukiona usaha, maganda ya manjano, ao homa, enda lopitali siku ileile.

Lakini vazelini haitoshi kama mutu anarudishwa kila asubuhi pa poste ileile. Hapa tunasema na wakubwa wa kazi. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamupa mutumikaji haki ya matunzo, na inaweka komite ya usalama na usafi mu kazi. Sheria ya 15 Julai 2016 ya usalama wa jamii inahesabu magonjwa ya kazi kati ya mambo ya CNSS. Tunaomba mambo matatu: magants yanayofaa kila kazi na yanayobadilishwa yakichoka, si mara moja kwa mwezi, maji safi na sabuni nzuri karibu na poste, na mwenye alerji abadilishwe poste, asifukuzwe. Hii ni kwa watu wa sous-traitance vilevile. Asidi haiulize kontra ya mutu.

Na sisi wa sendika tukubali kosa letu. Mu mikutano tunaongea mishahara na prime, ngozi tunaisahau. Yule mwenzetu alitupitia mbele miezi mitano na hatukumuona. Tangu sasa, swali la mikono liingie mu kila mukutano wa komite, na liandikwe mu ripoti.

Wandugu, mwenye ekzema asijifiche. Onyesha munganga, onyesha delege wako, wasikie wote wawili siku moja. Mutu mumoja akisema peke yake, wanaweza kumutosha. Tukionyesha mikono wote pamoja, watalazimika kuitazama.