Afya ya Nyumba Yetu: Nguvu za Mwili na Adabu ya Kuzitafuta



Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo vijana hulipenda mno na wazee hulidharau, nalo ni kunyanyua vyuma ili kuongeza nguvu za mwili. Si ajabu katika mitaa yetu kuwaona vijana wamekusanyika uani baada ya alasiri, wana bomba la chuma lililotiwa makopo ya saruji huku na huku, na kila mmoja ataka kumshinda mwenziwe. Mzazi apitapo ama hucheka ama hukasirika. Sisi twaona kuwa wote wawili wamekosea: kijana kwa kuifanya nguvu kuwa pambo la kifua, na mzazi kwa kudhani kuwa jambo hilo halimhusu.

Yafaa ijulikane kwamba misuli ya mwanadamu huanza kupungua taratibu apitapo miaka thelathini au arobaini, na upungufu huo huzidi kasi baada ya miaka sitini. Mwenye kusali huiona dalili yake mapema. Zamani alikuwa akiinuka kutoka katika sijida bila ya kufikiri. Sasa huegemea goti kwa mkono, kisha hutafuta ukuta, na mwisho huletewa kiti. Asiyeweza kusimama ana ruhusa ya kusali ameketi, na ruhusa hiyo ni rehema. Walakini kuna tofauti baina ya udhaifu usioepukika na udhaifu ulioachwa uingie nyumbani mlango u wazi. Mzee asiyeweza kuinuka kitini bila ya msaada yu karibu na kuanguka, na kuvunjika nyonga katika uzee ni msiba ambao wengi hawarudi katika hali yao ya kwanza.

Je, udhaifu huo waweza kurudishwa nyuma? Mwaka 1990, huko Boston, Marekani, matabibu waliwachukua wazee 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, wastani wa umri wao ukiwa miaka 90, wakawazoeza kunyanyua uzito kwa miguu mara tatu kwa wiki, muda wa wiki 8. Wazee 9 walimaliza, na nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Basi ikiwa mtu wa miaka 90 aweza, wa miaka 55 ana udhuru gani?

Ama njia yenyewe, haikubuniwa na wacheza sarakasi, bali ilipata misingi yake ya kitabibu hospitalini. Katika vita vya pili vya dunia, tabibu wa jeshi la Marekani aitwaye Thomas DeLorme alikuwa akiwatibu askari waliojeruhiwa miguu. Desturi ya wakati ule ilikuwa kumpa mgonjwa mazoezi mepesi yanayorudiwa mara nyingi. Yeye akawapa uzito mkubwa kwa mara chache, akauongeza kadiri walivyopata nguvu, na mwaka 1945 akaitangaza njia hiyo. Mwaka 1948, pamoja na mwenziwe Arthur Watkins, aliifupisha kuwa mikupuo mitatu ya mara kumi kumi: wa kwanza kwa nusu ya uzito ambao mtu aweza kuunyanyua mara kumi tu, wa pili kwa robo tatu yake, na wa tatu kwa uzito wote. Siri ya njia hii ni neno moja: taratibu. Misuli hupata nguvu inapopewa kazi iliyozidi kidogo mazoea yake, kisha ikapewa chakula na mapumziko.

Sasa na tuutazame mpango wa wiki unaoweza kufuatwa na kijana au mtu mzima mwenye afya. Siku tatu zatosha, kwa mfano Jumamosi, Jumatatu na Jumatano, ili kati yake pawe na siku ya kupumzika. Kila siku afanye mambo matano: kuchuchumaa na kuinuka; kuinua uzito kutoka ardhini; kusukuma, kama vile kujiinua kwa mikono kutoka sakafuni; kuvuta uzito kuuleta mwilini; na kubeba uzito kwa mikono miwili huku akitembea. Kila moja alifanye mikupuo miwili au mitatu, ya mara nane hadi kumi na mbili, naye aache angali aweza kurudia mara moja au mbili zaidi. Atakapofikisha mara kumi na mbili kwa mikupuo yote bila ya kuharibu umbo la mwili, ndipo aongeze uzito kidogo. Asiyekuwa na chuma atumie ndoo ya maji au mfuko wa mchanga, kwani misuli haijui thamani ya kitu, yajua uzito wake.

Umbo la mwili ndilo adabu ya kazi hii. Katika kuchuchumaa, nyayo zote zikae chini, magoti yaelekee vidole vinakoelekea, wala yasiingie ndani. Katika kuinua kutoka ardhini, mtu asukume nyonga nyuma na kuunyosha mgongo, kama afanyavyo mwenye kurukuu vizuri; kisha ausogeze uzito karibu na miguu, na kuinuka kwa nguvu za mapaja na makalio. Mwenye kuupinda mgongo na kuuvuta uzito kwa ghafula huutia uti wa mgongo katika hatari. Kabla ya yote apashe mwili moto kwa dakika tano au kumi, na mkupuo wa kwanza uwe mwepesi.

Pumzi nayo ina hukumu yake: itolewe wakati wa kuinua, ivutwe wakati wa kushusha. Mwaka 1985 wataalamu wa Canada walipima shinikizo la damu ndani ya mishipa ya wanyanyuaji hodari. Walipokuwa wakisukuma uzito mkubwa kabisa kwa miguu yote miwili, wastani wake ulipanda hata 320 kwa 250, ilhali kwa mtu aliyetulia kipimo chema ni kiasi cha 120 kwa 80. Kuizuia pumzi ni miongoni mwa sababu za kupanda huko. Kwa hiyo mwenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu lisilotulizwa, au ngiri, asianze kabla ya kumwona tabibu. Na yeyote atakayepata maumivu ya kifua, au kizunguzungu kikali, aache mara moja na atafute matibabu. Vivyo hivyo, ikiwa mkojo wake umekuwa mweusi kama kahawa baada ya mazoezi makali, aende hospitali siku ile ile, kwani huenda misuli imevunjika na taka zake zikaziumiza figo.

Enyi vijana, sasa twasema nanyi khasa. Wapo wanaouza vidonge na sindano za kuvimbisha misuli, nao huziita vitamini au chakula cha mabingwa. Nyingi ya dawa hizo ni za jamii ya homoni ya kiume. Mwili ukipewa homoni hiyo kutoka nje huacha kujitengenezea yake, korodani husinyaa na mbegu za uzazi hupungua hata huweza kukosekana. Huweza kuota matiti kama ya mwanamke, ini huharibika, moyo hunenepa na mishipa yake huziba. Mwanariadha Ben Johnson wa Canada alinyang'anywa nishani yake ya dhahabu huko Seoul mwaka 1988 kwa sababu ya dawa ya namna hii. Lakini nishani ni kitu chepesi kupoteza ukilinganisha na uzazi na uhai. Kijana anayetaka mwili wa miaka mitatu kwa miezi mitatu anakopa kwa mkopeshaji asiyesamehe deni. Mayai, samaki, maziwa, kunde na maharagwe, pamoja na usingizi wa usiku, vyamtosha.

Hali kadhalika twawaomba wanaume wasiwafungie wake na mama zao mlango huu. Wako wasemao kuwa mwanamke akinyanyua uzito atakuwa na mwili wa kiume. Hilo si kweli, kwani homoni yake haimruhusu kuvimba hivyo. Kinyume chake, yeye ndiye mwenye haja kubwa zaidi, kwa kuwa mifupa yake hudhoofika kwa kasi damu ya mwezi inapokoma, na uzito huisaidia kubaki imara. Aweza kufanya yote ndani ya nyumba yake, kwa sitara na heshima yake kamili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilishauri kila mtu mzima, mume kwa mke, kuzoeza misuli yake angalau siku mbili kwa wiki.

Na utakapofika mwezi wa Ramadhani, mazoezi yasikatwe wala yasizidishwe. Yafanywe kwa uzito mdogo baada ya kufuturu, na maji yanywewe kidogo kidogo usiku. Mwezi mmoja wa kupunguza hauharibu kazi ya mwaka.

Basi kila kijana msomaji wa ukurasa huu na amtazame mzee wa nyumba yake wiki hii, kama aweza kuinuka kitini bila ya kushika kitu. Akiona shida, asimwonee haya. Amsimamie karibu, amwombe ainuke na kuketi mara tano, apumzike, kisha arudie, na afanye hivyo siku tatu kwa wiki. Hapo ndipo nguvu ya kijana itakapokuwa imepata kazi yake ya haki.

Wabillahi tawfiq.