Kutangulia si Kufika: Safari ya Maporomoko Tuipange kwa Mguu wa Aliye Nyuma



Kipupwe kikikaribia, mazungumzo ya vikundi vyetu huwa yale yale: safari hii twende wapi? Pwani tunayo mlangoni, Jozani tumeshakwenda na watoto, na mashamba ya viungo tunawapeleka wageni. Basi macho yanavuka bahari, na jina linalotajwa ni Sanje, maporomoko ya maji yaliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, mkoani Morogoro.

Sisi tunaiunga mkono safari hii kwa mikono miwili. Mwanamke anayelea, anayeuza na anayeuguza wagonjwa wa nyumba nzima ana haki ya kusimama mbele ya maji yale na kusema Subhanallah. Lakini tuna neno kuhusu namna tunavyoipanga, maana tumezoea kupanga safari kama tunavyopanga harusi: sare kwanza, picha pili, mengine yatajulikana hukohuko. Mlima haukubali hivyo.

Tuanze na vipimo. Maporomoko ya Sanje yanashuka zaidi ya mita 170. Kwetu Unguja, sehemu ya juu kabisa, kule Masingini, ni kama mita 120 tu kutoka usawa wa bahari. Yaani maji yale peke yake ni marefu kuliko kisiwa chetu. Miguu yetu imezoea mchanga na njia za tambarare, na wengi wetu hatujawahi kupanda mfululizo kwa saa nzima. Hiyo si aibu, ila lazima iingie kwenye hesabu.

Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni inayotumika mpaka leo: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 ya ziada kwa kila mita 600 unazopanda. Kanuni nzuri, lakini ni ya mtu mwenye nguvu, na haina nafasi ya kupumzika. Haimjui mama wa miaka 55 mwenye goti bovu, wala dada aliyejifungua mwaka jana. Kwa hiyo mkiambiwa kwenda na kurudi ni saa 4, nyinyi wekeni 6 au 7.

Na hapa ndipo penye hoja yetu. Tunaamini mambo mawili yakubaliwe kabla mtu hajatoa hata shilingi ya mchango: mwendo wa safari ni mwendo wa aliye nyuma, na saa ya kugeuka ijulikane na kila mmoja.

Tazama jinsi mambo yanavyokwenda katika misafara mingi. Wenye kasi wanatangulia, wanafika mahali pa kivuli, wanakaa, wanakunywa maji, wanapiga picha. Aliye nyuma anafika akihema, na palepale wenzake wanasimama: "Haya, twendeni." Waliopumzika ni wale wasiohitaji, na aliyechoka hakupumzika hata dakika moja. Baada ya mara tatu anaambiwa, "Shoga, kaa hapa kwenye jiwe, tunarudi sasa hivi." Mwanamke mmoja, peke yake, msituni, eti yuko matembezini na wenzake! Hilo hatulikubali. Hata akisema mwenyewe "niacheni," msimwache, maana mara nyingi hulisema kwa kuona haya tu.

Dawa yake ni rahisi. Mwenye mwendo mdogo atembee mbele, nyuma ya mwongozaji, na wenye nguvu wafunge msafara. Mnapojiandikisha kwenye ofisi za hifadhi Mang'ula, ombeni waongozaji wawili, hata kama mchango utapanda kidogo. Mkiwa nao wawili, kundi likigawanyika kila upande una mtu anayeijua njia, na asiyeweza kuendelea atarudi chini na wenzake kwa heshima yake.

Saa ya kugeuka nayo ina sababu zake. Maporomoko haya yako upande wa mashariki wa milima, unaotazama bonde la Kilombero. Jioni jua linajificha nyuma ya milima mapema, na chini ya miti mikubwa giza halingoji magharibi. Tuseme mmeanza kutembea saa 2 asubuhi: semeni kwamba saa 6 mchana, popote mlipo, mnageuka, hata kama ngurumo ya maji inasikika. Na kushuka kusihesabiwe kuwa ni mteremko tu, kwani magoti huumia zaidi wakati wa kushuka, na mtu aliyechoka ndiye anayeteleza.

Tunajua jibu litakalokuja: "Tumelipa boti, tumelipa gari, tumelala Mang'ula, halafu tugeuke bila kuona?" Ndiyo. Tena kwa sababu hiyohiyo ya pesa, uamuzi huu haufai kufanywa juu mlimani. Kule kila mtu atafikiria mchezo aliopokea akautoa wote kwa ajili ya safari. Ukikubaliwa sebuleni, juu ya kahawa, hakuna wa kulaumiwa siku ile.

Wengine husema basi wasio na nguvu wabaki nyumbani. Tungeuliza: hiyo safari ni ya nani? Kama ni mashindano, sawa. Lakini tukiiita safari ya kina dada, basi dada ni pamoja na mwenye pumu, mwenye sukari na mwenye umri. Huyo apewe miezi miwili ya kujiandaa. Apande na kushuka ngazi za majumba ya Michenzani mara tatu kwa wiki, avae viatu vilevile atakavyovaa mlimani, kisha ajipime mwenyewe. Na mwenye maradhi amwambie kiongozi kwa faragha, na dawa yake akae nayo mwenyewe, isibaki ndani ya gari.

Kuhusu mavazi, stara na usalama havigombani. Baibui linanasa kwenye mizizi, na likilowa linakuwa mzigo. Suruali pana, kanzu inayoishia magotini, ushungi wa pamba uliofungwa vizuri na viatu vyenye meno vinatosha. Ndara ziacheni. Kila mtu abebe maji lita 2 au zaidi, tende, mayai ya kuchemsha, koti la mvua, pedi, na mfuko wa kurudishia taka zake zote. Sala isiwe sababu ya kukimbizana: sisi ni wasafiri, adhuhuri na alasiri tunaweza kuzikusanya na kuzipunguza.

Msimu nao si wa kubahatisha. Juni mpaka Oktoba ndiyo miezi ya ukavu. Wakati wa mvua maji yanavutia zaidi, lakini njia inateleza, na mvua iliyonyesha juu inaweza kuujaza mto huku nyinyi mliko jua linawaka. Mwongozaji akisema leo msiingie kwenye maji, msimbembeleze.

La mwisho ni gumu kidogo. Wapo wenzetu wanaoaga nyumbani kwamba wanakwenda harusini Dar es Salaam. Tunajua kwa nini: kuna mume atakayekataa, kuna mama atakayelia. Lakini mtu akivunjika mguu korongoni ambako simu haishiki, nyumbani wanamtafuta kwenye ukumbi wa harusi. Aga kwa ukweli. Acha majina ya mlio pamoja nao, njia mnayopita, na saa ambayo msipopiga simu wawapigie watu wa hifadhi. Mpango mzuri kama huu pia ndio unaomlainisha mume na mama. Akiona kuna waongozaji, kuna saa ya kurudi na hakuna atakayeachwa nyuma, sababu zake za kukataa zinapungua.

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Kwa hiyo mkikaa kikao cha kwanza, kabla ya rangi ya sare, ulizeni: nani kati yetu ana mwendo mdogo kuliko wote? Akishajulikana, mpeni daftari yeye ndiye aandike ratiba.

Wabillahi tawfiq.