Maji Maangavu na Mabaki ya Dawa: Somo la Kufundishia Kutoka Ufukweni

Mtoto wa Tumbe hana haja ya kuelezwa mwani ni nini. Hata hivyo, mwalimu wa sayansi afikapo kwenye somo la usafi wa maji, mara nyingi huuacha ufuko nyuma akajaza ubao kwa maneno ya kukaririwa. Kwa maoni yangu, hilo ni kosa la mbinu.

Yafaa mwalimu aanze na mwani unaoshikika, kisha aingie kwenye ule mdogo mno, usioonekana ila kwa hadubini, unaolipa dimbwi rangi ya kijani. Kwa nguvu ya jua, mwani huo hutoa oksijeni. Bakteria huitumia wanapoozesha uchafu, nao hutoa hewa ya ukaa ambayo mwani huihitaji. Oswald na Gotaas waliueleza ushirika huu huko Marekani mwaka 1957, na mabwawa ya majitaka ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yamejengwa kwa kanuni hiyo hiyo. Darasani, chupa mbili za maji ya dimbwi zatosha: moja juani, moja gizani. Baada ya wiki moja watoto walinganishe rangi, kisha wanawe mikono kwa sabuni.

Lakini somo lisiishie hapo, mtoto asije akaamini kwamba mwani husafisha kila kitu. Majitaka ya viwanda vya dawa na ya hospitali hubeba mabaki ya dawa. Baadhi yake, kama diklofenaki ya kutuliza maumivu, huvunjwa na mwanga wa jua. Nyingine, kama kabamazepini ya kifafa, hupita karibu kama zilivyoingia. Viuavijasumu vikizidi huweza kuwadhuru bakteria wale wale wafanyao usafi, na kuwapa nafasi walio sugu. Hivyo maji huweza kuwa maangavu huku dawa ingali imo.

Tumbe ni kijiji cha wavuvi, hakina kiwanda cha dawa. Ila vidonge vilivyobaki vimo majumbani. Vikitupwa chooni, huweza kufika kisimani au baharini. Kwa hiyo, ndugu mwalimu, mwisho wa kipindi waulize wanafunzi ni kitu gani kilichosalia ndani ya maji. Kisha wapelekee wazazi ujumbe huu: vidonge vilivyobaki visitupwe ovyo, aulizwe mhudumu wa kituo cha afya.