Mdomo Huru, Miguu Kizuizini

Na Baba Kahindo

Wiki hii, kwenye malewa moja ya Butembo, bwana mmoja mwenye tai aliwatangazia walaji kwamba ville morte, ile siku mji mzima unapofunga shughuli kwa kupinga jambo, si maoni. "Maoni yanasemwa," alisema huku akimega fufu. "Kufunga duka ni kufunga duka tu." Baba Kahindo, ambaye wasomaji wake wanajua anavyowaogopa wenye tai saa za jua kali, aliacha sombe yake ipoe.

Kufunga duka tu! Butembo hii, ambako mfanyabiashara hafungi hata akiwa na malaria? Anayekubali kupoteza mauzo ya siku nzima ili aonyeshe hasira juu ya mauaji ya raia amesema kwa sauti kubwa kuliko mbunge yeyote.

Bwana yule akaegemea Katiba ya Kongo. Vizuri. Ibara ya 23 ya Katiba ya 2006 inataja neno, maandishi na picha, lakini kama mifano, haijafunga orodha. Na ibara ya 26 inalinda maandamano: wanaoyaandaa wanatakiwa kuiarifu mamlaka kwa maandishi. Kuarifu, si kupiga magoti. Hapo bwana akaomba pilipili.

Jirani mmoja wa meza akamkumbusha wanafunzi wa Beni, Aprili 2021, waliopiga kambi kwenye meri, ofisi ya meya, wakidai mauaji yakome. Je, wale nao walikuwa wamekaa tu? Huko Marekani, Mahakama Kuu iliamua mwaka 1969 kwamba wanafunzi wa Des Moines waliovaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita vya Vietnam walikuwa wanatoa maoni, bila hata kufungua mdomo.

Kwetu, hali ya kuzingirwa (état de siège), yaani utawala wa kijeshi, ilianza tarehe 6 Mei 2021, na raia wakaanza kusimama mbele ya mahakama za kijeshi. Novemba mwaka huo vijana wa vuguvugu la kiraia LUCHA walikamatwa Beni katika maandamano ya amani ya kupinga hali hiyo kurefushwa. Wakahukumiwa miezi 12. Hukumu ilisomwa tarehe 1 Aprili 2022, siku ambayo kwingine watu hudanganyana kwa mzaha.

Wakubwa hawasumbuliwi na maneno. Redio huyapeperusha kila asubuhi. Kinachowanyima usingizi ni watu waliosimama pamoja barabarani. Kwa hiyo mkaazi wa Beni yuko huru kabisa kuandika barua ya kuarifu kwamba ataandamana. Shida inaanza akiinuka kitini.