Kisu cha komando mnadani: mbuzi hahitaji kutishwa



Kuna visu vyeusi vya kukunja ambavyo vijana wanavipenda sana minadani. Bapa jembamba, ncha kama sindano. Ukiuliza kinafanya kazi gani, unajibiwa: "Kinatisha." Ni kweli, kinatisha. Lakini mbuzi anayechunwa ameshakufa.

Umbo hilo limeigwa kwenye jambia la makomando wa Uingereza, lililobuniwa na William Fairbairn na Eric Sykes wakati wa Vita Kuu ya Pili. Lilikuwa na makali pande mbili, na kazi yake kubwa ilikuwa kuchoma mtu.

Kuchuna ni kazi nyingine kabisa. Kunataka bapa pana lililopinda, lenye ncha butu. Unapasua mstari wa kwanza kwa kisu, kisha sehemu kubwa unaimenya kwa ngumi. Ncha ya komando hutoboa ngozi, au huacha mkato upande wa nyama ambao mnunuzi wa kijijini hauoni haraka, hasa ngozi ikiwa mbichi na ina damu. Ikifika kwa wasindikaji na kunyonyolewa manyoya, kila mkato unaonekana na ngozi inashushwa daraja. Mfanyabiashara aliyepata hasara hiyo akirudi kijijini anashusha bei kwa wote, hata kwa mama aliyechuna vizuri na kuwamba ngozi yake kivulini. Hapo ndipo ninapoumia.

Tena kisu cha kukunja, hata kiwe kizuri namna gani, hakifai kuchinjia wala kuchunia. Damu na mafuta hujificha kwenye bawaba, na mkono wenye mafuta huteleza.

Sisemi visu vya kukunja havina kazi. Kukata kamba, kufungua gunia la mtama, kubebesha miche ya miembe: hapo nunua, ila chagua chenye makali upande mmoja. Kabla hujatoa pesa kifungue, weka vidole mbali na njia ya bapa, kisha gonga mgongo wake taratibu kwenye ubao. Bapa likijikunja, mrudishie mwenyewe. Siku litakapojikunja shambani, vidole vyako vitakuwa katikati.

Na kisu cha kuchunia, mpelekee fundi chuma kipande cha springi ya gari. Mwambie akiache kipana, na ncha aizungushe.