Kapi Likikuchoma Jicho, Twende Siku Ileile

Ndugu zangu wa Kilombero na wa kila bonde linalolima mpunga, msimu wa kupura nao huwa msimu wa macho kuumia.

Mnaijua picha hii. Kijana anainua mganda, anaupiga kwenye pipa, punje zinaruka, na ghafla anafumba jicho moja. Analifikicha kwa kiganja chenye vumbi, kisha anaendelea na kazi. Jioni jicho ni jekundu na machozi hayakauki. Huyu anashauri maziwa ya mama anyonyeshaye, yule anachuma majani akamue utomvu, mwingine anatoa kichupa cha dawa kilichobaki tangu mwaka jana. Hospitali itakuwa Jumatatu.

Naomba tusiifikie Jumatatu hiyo.

Kioo cha mbele ya mboni, madaktari wanakiita konea, kina unene wa takriban nusu milimita. Hakina mishipa ya damu, ndiyo maana kiko angavu. Kapi likikikwaruza, mchubuko wenyewe huenda tusiuone kabisa. Mtabibu akidondoshea rangi maalumu na kumulika kwa taa ya buluu, hapo ndipo unang'aa kijani, mstari mwembamba kama unywele. Siku hiyo ni mchubuko tu. Bakteria au fangasi wa shambani wakiingia hugeuka kidonda, na kidonda hata kikipona huacha chamba, lile doa jeupe linalomzibia mtu mwanga maisha yake yote.

Wenzetu wa Bhaktapur, Nepal, ambao nao ni wakulima, walilipima jambo hili. Wahudumu wa vijijini waliwapeleka waliojeruhiwa kwenye vituo vya macho, na huko watu 442 waliochubuka konea wakapewa dawa ya kupaka ya kloramfenikoli, mara 3 kwa siku kwa siku 3. Kati ya 284 walioanza dawa ndani ya saa 18, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Waliochelewa kati ya saa 24 na 48 walikuwa 49, na 14 kati yao walipata. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2001. Dawa ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni saa.

Kwa hiyo, anayepura au kukoboa avae miwani ya kukinga macho. Kapi likiingia, tusifikiche. Tuoshe kwa maji safi yanayotiririka. Kitu kikiwa kimezama jichoni, tusikichomoe. Tusitie kitu kingine chochote. Kisha twende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Nanyi wenye maduka ya dawa, nawasihi: msimuuzie mtu wa jicho jekundu matone ya steroidi kama deksamethasoni bila cheti cha daktari. Wekundu hupungua, mgonjwa akadhani amepona, kumbe fangasi wanastawi.

Najua nauli ni shida, na hakuna apendaye kuacha mpunga uwanjani. Basi kila kundi la kupura lichague mtu mmoja mwenye pikipiki, na kila kaya ichangie mafuta kidogo kabla mganda wa kwanza haujapigwa. Atakayeumia asiulizwe kama anaweza kuvumilia. Apakiwe, aende, na sisi tuliobaki tumfunikie mpunga wake kwa turubai mpaka arudi.