Chanzo Kikipotea, Kitafutwe

Mji wa Mpanda haujahama hata hatua moja, lakini umekwisha badilisha mkoa mara mbili. Ulikuwa katika Tabora. Mwaka 1974 ukaingizwa katika mkoa mpya wa Rukwa. Na mwaka 2012 ukawa makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Mtu atafutaye barua ya serikali ya mwaka 1980 kuhusu Mpanda, naye akayashikilia majalada ya Katavi peke yake, atarudi mikono mitupu na kudai kwamba barua hiyo haikupata kuandikwa.

Ndugu msomaji, ndivyo itokeavyo kila siku katika intaneti. Mwandishi hutaja habari, kisha huweka kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye chanzo chake. Idara ikibadili tovuti, au gazeti likifungwa, kiungo hufa. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilieleza mwaka 2024 kwamba kurasa 38 katika kila 100 zilizokuwapo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye.

Hasara yake huonekana wazi katika habari za majengo ya kale ya maktaba. Chukua Maktaba ya McMillan ya Nairobi, yenye nguzo nzito mbele, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa ukumbusho wa mlowezi tajiri Northrup McMillan. Kwa miaka mingi Waafrika hawakuruhusiwa kusoma humo. Mlango ulifunguliwa lini kwao? Wako wanaoandika 1958, wako wanaoandika 1962. Tofauti hiyo si ndogo: mwaka wa kwanza ukoloni ulikuwa bado na nguvu zake, wa pili Uhuru ulikuwa umekwisha bisha hodi. Kijana wa Mpanda asiye na nauli ya kwenda Nairobi tegemeo lake ni kiungo. Kikifa, atamwamini aliyepaza sauti zaidi.

Wengi wakikuta kiungo kilichokufa hukifuta tu, na wapo wanaofuta hata sentensi yenyewe. Wengine huweka kiungo chochote kinachosema jambo lile lile. Hawa ndio wanaoharibu zaidi, kwani mara nyingi ukurasa huo mpya umenakili makala ile ile inayotafutiwa ushahidi!

Yapasa kutafuta waraka ule ule. Kwanza utafutwe kwa jina lake, maana pengine umehamishwa tu. Majina ya zamani yasisahauliwe: anayechunguza maktaba ya Tanga na atafute pia jina lake la kikoloni, King George VI. Pili, iko hifadhi ya Internet Archive, iliyoanzishwa mwaka 1996, itunzayo nakala za kurasa. Anwani iliyokufa huandikwa katika sehemu yake iitwayo Wayback Machine, na nakala za tarehe mbalimbali hutokea. Ichaguliwe iliyo karibu na siku makala ilipoandikwa, isomwe mpaka mwisho, ionekane kama kweli inasema lililodaiwa. Kazi hii ya kusoma ndiyo hurukwa na wengi.

Nakala isipopatikana, maelezo ya chanzo yabaki: mwandishi, kichwa cha habari, gazeti na tarehe. Kwa maelezo hayo mkutubi wa Maktaba Kuu ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, aweza kuulizwa kwa barua au simu, akalitafuta gazeti lenyewe rafuni.